Mvumo wa Darasa la Sita

Kwelea hawana Jumapili. Hawana sikukuu, hawana msiba, wala hawajui kwamba mtoto wa darasa la sita ana hesabu za sehemu hajazimaliza. Mtama ukianza kukomaa wanakuja kundi kwa kundi, na asiyetaka kushinda njaa mwaka mzima lazima awahi shambani kabla yao. Ndiyo maana Luciana alikuwa akiamshwa kila siku kungali giza.

"Amka, mjukuu wangu. Ndege hawangoji unyooshe mgongo," bibi yake alikuwa akimwambia, huku mwenyewe akipiga miayo.

Mama yake Luciana alikuwa mpishi kwenye hoteli ndogo Singida mjini. Nyumbani, nje kidogo ya Kinyangiri, walibaki wawili tu, bibi na mjukuu, na shamba lao la mtama. Kazi ya kuamia ndege ni rahisi kuieleza. Unapanda juu ya dungu, yaani kile kijukwaa cha miti kilichosimamishwa katikati ya shamba, unapiga kelele, unavuta kamba iliyofungwa makopo, na kundi likikaidi unalirushia mabonge ya udongo kwa kombeo. Ugumu wake ni kwamba haina mwisho. Jua likishapanda bibi alishika zamu, na Luciana akanawa uso, akavaa sare na kukimbia shule, koo likiwa limeshaanza kuwasha.

Mwalimu wao wa Hisabati aliitwa Rebeka. Tangu walimu wawili wahamishwe, alikuwa akifundisha madarasa matatu peke yake, na darasa la sita lenyewe lilikuwa na watoto waliobanana wanne wanne kwenye dawati moja. Hakuwa mtu wa fimbo. Silaha yake ilikuwa sauti, na sauti yenyewe, kwa vumbi la chaki na kupayuka kutwa nzima, ilikuwa imeanza kukwaruza kama redio iliyoishiwa betri.

Siku moja baada ya uji wa mchana, bati la paa likichoma kwa jua, Luciana alisinzia. Alisinzia hasa, kichwa juu ya mkono, mate yakimtoka.

"Luciana! Hapa si kitandani kwenu," mwalimu alifoka. "Simama. Simama hivyo hivyo mpaka kipindi kiishe."

Darasa likaangua kicheko. Luciana alikuwa mmoja wa wanaoongoza kwa hesabu, hakuzoea kuchekwa. Alitaka kusema habari za ndege, lakini machozi yalikuwa karibu kuliko maneno, akanyamaza. Miguu ilimuuma, na moyo ukamuuma zaidi.

Kesho yake, mwalimu alipogeuka kuandika ubaoni, Luciana alifumba mdomo akatoa sauti puani. Ndogo tu. Msichana aliyekaa naye alijibana asicheke, kisha naye akavuma. Kufumba na kufumbua darasa zima lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki, na hakuna mdomo hata mmoja uliokuwa wazi. Mwalimu akageuka. Kimya. Akarudi ubaoni, na mvumo ukarudi naye.

Tuseme ukweli, ilikuwa raha. Siku hiyo Luciana alitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyelipwa haki yake. Watoto wakauita mchezo huo "nyuki", na ukawa wa kila siku. Mwalimu Rebeka aliwahamisha viti, nyuki wakahama nao. Aliwasimamisha wote, wakavuma wamesimama. Alimwita mwalimu mkuu, naye akaja akakemea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini kabla hajafika mwisho wa kibaraza mvumo ulikuwa umeshaanza tena. Hesabu za sehemu zikabaki pale pale, juma baada ya juma, na hata Luciana alianza kuchoka na mchezo wake mwenyewe. Ila kila mwalimu alipogeuka, wenzake walimtazama wakisubiri aanze, naye akaona aibu kuacha.

Jumatano moja, mvumo ulipoanza, mwalimu hakufoka. Aliweka chaki mezani, akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hawakuwahi kumwona akilifanya wakati wa kipindi.

"Nimewakosea nini?" aliuliza, na sauti ilitoka nusu. "Jamani, nimewakosea nini mimi?"

Luciana alitazama vidole vya miguu yake.

"Haya. Nani anaanzisha?"

Macho ya mwalimu yakazunguka darasa lote, yakaenda kutua kwa Antipasi, kijana mrefu aliyekaa dawati la nyuma ya Luciana. Antipasi aliishi kwa baba yake mdogo, Mzee Alute. Kila asubuhi kabla ya shule alipeleka ng'ombe kunywa maji, akiwavumia wimbo wa puani usio na maneno. Ng'ombe wakiusikia walitulia wakafuata njia. Kijiji kizima kiliujua mvumo huo, na Mwalimu Rebeka pia, maana ulipita nje ya dirisha lake siku zote.

"Antipasi, simama. Sauti hii naijua. Naisikia kila asubuhi barabarani."

"Si mimi, mwalimu."

"Nani basi?"

Antipasi aliangalia kisogo cha Luciana. Luciana alikihisi kisogo chake kikichemka. Akangoja kutajwa.

"Sijui, mwalimu," Antipasi alisema.

"Nenda nyumbani. Usirudi bila mzazi."

Antipasi alichukua mfuko wake wa madaftari, ulioshonwa kwa kiroba cha mbolea, akatoka. Hapo ndipo Luciana angeweza kusimama. Ilikuwa ni kunyoosha magoti tu na kusema maneno mawili. Hakusimama. Kipindi kilichobaki darasa lilikuwa kimya kabisa, na kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko nyuki.

Alhamisi Antipasi hakuja, na Ijumaa hakuja. Luciana, ambaye kwa uchovu wake angeweza kulala hata juu ya mawe, alianza kukosa usingizi. Alijigeuza kitandani, akamsikia bibi akipumua, na alipoanza tu kusinzia ikawa wakati wa kuamshwa. Ijumaa jioni alimkuta Antipasi kwenye bwawa, ng'ombe wakinywa.

"Mzazi wako haji shule?" alimuuliza bila hata salamu.

"Baba mdogo? Amesema yeye hana muda wa kwenda kugombezwa na mtoto wa kike ambaye yeye amemzidi umri mara mbili," Antipasi alisema. "Amesema kama shule hainitaki, ng'ombe wananitaka. Jumatatu nawapeleka mbuga za Wembere. Huku nyasi zimekwisha."

"Utarudi lini?"

"Mvua zikianza."

Luciana alihesabu miezi kichwani akaacha. Mtoto anayekosa shule mpaka mvua zianze, mara nyingi harudi tena. Wote wawili waliwajua waliokwenda hivyo, na sasa hao walikuwa wakichunga ng'ombe wa watu wengine.

"Kwa nini hukunitaja?"

Antipasi aliinua mabega. "Ungefukuzwa. Bibi yako angeitwa shuleni, na ndege angemwachia nani?" Kisha akacheka kidogo. "Na mimi nilikuwa navuma siku nyingine, usidhani. Ila Jumatano sikuvuma. Nilikuwa nataka kuzielewa zile sehemu."

Afadhali angemtukana. Luciana alirudi nyumbani akijichukia, na hata ugali haukupita.

Jumamosi bibi alikwenda mazishini kijiji cha jirani, Luciana akabaki na dungu peke yake tangu alfajiri. Siku hiyo kwelea walikuja kama walioalikwa. Akipigia kelele upande wa mashariki, wanainuka wanatua magharibi. Akigeukia magharibi, wale wa mashariki wanarudi nyuma ya mgongo wake. Alivuta kamba ya makopo mpaka ikakatika. Alirusha udongo mpaka bega likafa ganzi. Kufikia mchana sauti yake ilikuwa imekatika pia, na kilichotoka kooni kilikuwa upepo tu. Ndege hawaogopi upepo. Walikaa juu ya masuke hatua chache kutoka kwake, wakawa wanakula huku wanamtazama.

Luciana alikaa chini juu ya dungu akalia. "Nimewakosea nini?" aliwaambia kwa mnong'ono. "Nimewakosea nini mimi?"

Akanyamaza ghafla. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mahali, na kwa sauti iliyokwaruza vile vile. Alikaa na maneno yake mwenyewe mdomoni, machungu, huku kundi likiendelea kula.

Jioni bibi alimkuta amejikunja chini ya dungu. Luciana alimweleza yote kwa mnong'ono, tangu kicheko cha darasa mpaka mbuga za Wembere. Bibi alivua viatu vya mazishini taratibu, akakaa kando yake.

"Kama ningekuwa na nguvu ningekuchapa," alisema. "Sina nguvu. Na wewe huna nguvu. Kesho ukitoka kanisani uende kwa mwalimu wako, ndege niachie mimi."

"Sina sauti, bibi."

"Ulipokuwa na sauti uliitumia kwa nyuki. Utakwenda hivyo hivyo."

Jumapili mchana Luciana alibisha hodi kwenye nyumba ya mwalimu, nyuma ya shule. Mwalimu Rebeka alifungua akiwa na kitambaa shingoni na kikombe cha maji moto ya tangawizi mkononi. Mezani ndani kulikuwa na rundo la madaftari lililomfikia kifuani.

"Shikamoo, mwalimu," Luciana alinong'ona.

"Marahaba," mwalimu alinong'ona. "Kwa nini unanong'ona?"

"Sauti imekatika."

"Na mimi yangu imekatika. Ingia."

Basi wakakaa, watu wawili wasio na sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nyuki waanze mmoja akamsikia mwenzake. Luciana alisema yeye ndiye aliyeanzisha, tangu siku ya kwanza, na kwamba Antipasi alionewa. Mwalimu alikunja uso. Alikasirika, hilo lilionekana wazi, na kwa muda aliacha kikombe chake kipoe.

"Kwa nini, Luciana? Wewe ni mmoja wa wanafunzi ninaowategemea."

"Ulinisimamisha wakanicheka."

Mwalimu alijaribu kukumbuka. Ilimchukua muda, na muda huo ulimuuma Luciana, kisha ukamshangaza. Jambo lililomkosesha raha yeye majuma mazima, mwalimu alikuwa amelisahau kabla ya jioni.

"Ulikuwa umelala," mwalimu alisema mwishowe.

"Naamka kuamia ndege, mwalimu. Bibi hawezi peke yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Mwalimu Rebeka alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nimemfukuza mtoto kwa sababu anawavumia ng'ombe wake," alisema polepole. Kisha akasimama, akatafuta kandambili zake. "Twende."

Walimkuta Mzee Alute uani akishona ukanda wa kiatu cha matairi. Antipasi alikuwa akifunga kibuyu na blanketi kwa ajili ya safari. Mwalimu alitoa shikamoo, mzee akaitikia bila kuinua macho.

"Nyinyi walimu mnanishangaza," mzee alisema. "Leo mnamfukuza, kesho mnamfuata. Ng'ombe hawana tabia hiyo."

"Nimekuja kumwomba radhi, mzee. Sikuuliza vizuri. Nilimwadhibu kwa kosa lisilo lake," mwalimu alisema, kisha akamgeukia kijana mwenyewe. "Antipasi, nisamehe."

Antipasi hakujua aweke wapi mikono yake. Mzee Alute aliacha kushona.

"Na kosa ni la nani?"

Luciana alisogea mbele. Alifungua mdomo. Upepo.

"Sema kwa nguvu, mtoto. Masikio yangu ya zamani."

Alijaribu tena. Hakukutoka kitu. Machozi yakamjaa, kwa maana sasa alitaka kusema kweli kuliko alivyowahi kutaka chochote, na koo lilikuwa limefunga duka. Antipasi alimwangalia, akamsogelea, akainamisha sikio.

"Anasema ni yeye," Antipasi alitangaza kwa sauti kubwa. Akainama tena. "Anasema aliona nafukuzwa akanyamaza." Akainama mara ya tatu, na safari hii akasita. "Anasema... anasema nisiende Wembere kwa sababu yake. Anasema yuko tayari kufukuzwa yeye."

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mtu wa kubadilika haraka, na alikuwa amechoka pia, na ng'ombe wake walikuwa na njaa kweli.

"Tangu nimezaliwa sijaona mwalimu akimwomba mtoto radhi," alisema. "Wala sijaona mtoto aliyekimbilia kufukuzwa." Alikata uzi kwa meno. "Wembere nitakwenda mwenyewe na kijana wa jirani. Lakini ndama na ng'ombe wa maziwa wanabaki, Antipasi, na watanyweshwa kila siku kabla ya kengele. Sawa?"

"Sawa, baba mdogo," Antipasi alisema, akaanza kulifungua blanketi kabla mzee hajabadili mawazo.

Jumatatu Mwalimu Rebeka aliingia darasani bado hana sauti. Luciana alisimama mbele ya wenzake, akanong'ona kosa lake, na kwa kuwa mnong'ono haufiki mbali, darasa zima lilibidi linyamaze ili lisikie. Akapewa adhabu ya kufagia darasa mpaka mwisho wa mwezi, na kila mapumziko amweleze Antipasi yale aliyoyakosa. Hakuna aliyecheka.

"Nani mwingine anaamka kuamia ndege?" mwalimu aliuliza.

Mikono ikainuka, mmoja, mwingine, mpaka karibu nusu ya darasa. Mwalimu aliihesabu mikono hiyo. Siku hiyo hiyo alimwomba mwalimu mkuu Hisabati ihamishiwe kipindi cha kwanza mpaka mtama uvunwe, na mchana, jua likiwa kali, wawe na kipindi cha kusoma hadithi. Aliyeelemewa na usingizi aliruhusiwa kwenda kusimama dirishani bila kuomba, na bila kuchekwa. Aliyekuwa na dukuduku alitakiwa amfuate mwalimu mezani wakati wa mapumziko.

"Sasa kuna jambo la sauti yangu," mwalimu alisema. "Siwezi kuwapigia kelele tena. Antipasi, ng'ombe wako hutulia ukiwavumia?"

"Wanatulia, mwalimu."

"Basi darasa likianza fujo, wewe vuma. Wenzako wataitikia, na ukikata, tunakata wote, tunaanza kazi."

Antipasi akavuma, mwanzo kwa aibu. Darasa likamwitikia, midomo imefungwa, sauti ile ile ya nyuki. Akakata. Wakakata. Kukawa kimya, kimya kizuri, na mwalimu akageuka kuandika ubaoni sehemu mbili zenye asili zisizolingana. Mgongo wake ulikuwa kwao muda wote, na hakuna aliyevuma.

Mwisho wa kipindi alijipangusa chaki akawaambia, "Mimi nilihukumu kabla ya kuuliza, na Luciana alilipiza kabla ya kusema. Tukachoka wote, na aliyeumia ni mtu wa tatu. Ukiwa na uchungu na mkubwa wako, mwendee umwambie kwa heshima. Ukikosea, sema mapema. Kusema kosa kunachosha mara moja. Kulificha kunachosha kila siku."

Kesho yake alfajiri Luciana alikuwa juu ya dungu na bibi yake. Sauti ilikuwa bado haijarudi, na kamba ya makopo ilikuwa bado haijaungwa. Kundi la kwanza likatua. Kabla bibi hajapata pumzi ya kupiga kelele, kelele kubwa ilitoka barabarani, ya mtu aliyeamka vizuri, na kwelea wakainuka wote. Ilikuwa sauti ya Antipasi. Ng'ombe wake wa maziwa nao walishtuka wakatawanyika vichakani, ikabidi aanze kuwavumia upya.

"Mwambie wakiingia kwenye mtama wangu tutagombana," bibi alisema, lakini alikuwa anatabasamu. Kisha akamtazama mjukuu wake. "Usiku umelala."

"Nimelala, bibi."

"Nimekusikia. Siku zile ulikuwa unajigeuza usiku kucha. Nikadhani ni hawa ndege wanaokuchosha."

"Hata mimi nilidhani ni ndege," Luciana alinong'ona.

Kundi jingine likaja likatua upande wa magharibi. Wakageuka wote wawili, wakaendelea na kazi.